Uzi maalum: Tamthilia ya kijasusi isiyo na milio ya bunduki, watu wako ofisini wanagombania vibali

Jalada la Wazi (mwanzisha uzi), Tabora

Wakuu, heshima kwenu. Wanaopenda magari kupinduka na majengo kulipuka wapite tu, huu uzi hautawafaa. Nataka tuongelee tamthilia moja ya Kiingereza ya zamani ambayo mpwa wangu aliniwekea kwenye flashi alipokuja likizo. Alisema, "Mjomba, mimi imenishinda, lakini ina mambo yenu yale ya mafaili."

Mambo yetu ya mafaili! Mimi ni mtu wa masijala. Nimepita chuo chetu cha hapa Tabora enzi kinaitwa Chuo cha Uhazili, kabla hakijawa Chuo cha Utumishi wa Umma, na tangu nitoke pale kazi yangu ni majalada: kufungua, kufunga, kuweka folio, kupandisha juu, kusubiri yashuke. Kwa hiyo nikaanza kuiangalia kwa kumridhisha kijana. Usiku huo nilichelewa kulala, na mke wangu aliamka kuniuliza nani amefariki.

Inaitwa The Sandbaggers. Imetengenezwa na televisheni ya Yorkshire, ikarushwa Uingereza kuanzia 1978 hadi 1980, misimu 3, jumla sehemu 20. Rangi zimepauka, karibu kila kitu kimerekodiwa studio, na vyumba ni vilevile: ofisi ya mkurugenzi, ofisi ya mkubwa wake, ofisi ya mkubwa wa mkubwa wake, na chumba cha operesheni chenye ramani ukutani. Muziki wa mwanzo ni wa Roy Budd, una kinanda fulani cha nyuzi kinagongwagongwa. Ukishaujua huo muziki, unakufuata hadi kazini.

Mhusika mkuu ni Neil Burnside, kaigiza Roy Marsden. Ni Mkurugenzi wa Operesheni wa ujasusi wa nje wa Uingereza. Chini yake kuna kitengo maalum kidogo mno, hao ndio Sandbaggers wenyewe. Mara wako watatu, mara wawili, kuna wakati anabaki na mmoja tu, Willie Caine, ambaye alikuwa mwanajeshi wa miavuli na anachukia bunduki. Sisi tuliokua na Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi anayeingia hotelini kila mwanamke anageuka, tunamshangaa huyu Willie mwingine. Koti la kawaida, uso wa mtu aliyechoka na safari, na hajui kama atarudi.

Sasa raha iko wapi? Iko kwenye kibali. Burnside hawezi kumtuma mtu popote bila idhini. Kwanza amshawishi naibu, Matthew Peele, ambaye kazi yake kubwa ni kuogopa. Halafu amshawishi mkuu wa idara, wanayemwita "C". Juu ya C kuna Sir Geoffrey Wellingham wa Wizara ya Mambo ya Nje, cheo ambacho hapa kwetu ni kama Katibu Mkuu. Na huyu Wellingham alikuwa baba mkwe wa Burnside! Ndoa imeshavunjika, binti kaondoka zake, lakini mzee bado anamkaribisha mkwe wa zamani ofisini wanazungumza. Mkubwa wako kazini, ambaye uliwahi kumshikia mkono bintiye, sasa unamwomba akusainie. Hizo sura mbili zinavyotazamana, hakuna mkimbizano wa magari utakaonipa presha kiasi kile.

Sehemu ya kwanza kabisa, ndege ya upelelezi ya Norwei inaanguka rasi ya Kola, upande wa Warusi. Mkuu wa ujasusi wa Norwei anakuja kwa Burnside kuomba akopeshwe vijana. Burnside anakataa. Anamwambia, kwa maneno yangu: kama unamtaka James Bond nenda maktaba, ukitaka operesheni ifanikiwe kaa mezani ufikiri, ukimaliza ufikiri tena. Anaongeza kwamba vita vyao havipiganwi kwa parachuti, ushindi na kushindwa kwake huamuliwa kwenye makorido ya Westminster yasiyo na mvuto. Hapo nilisimamisha picha, nikarudisha nyuma nisikilize tena. Huyo aliyeandika alikuwa ameshawahi kukaa kwenye korido, akasubiri.

Maana kusubiri ndiko kunakoiendesha ile tamthilia. Wenzangu wa utumishi mnajua. Unaandika dokezo vizuri, hoja moja, mbili, tatu, "naomba kuwasilisha". Jalada linapanda. Siku zinapita, linashuka, unalifungua mapigo ya moyo juu, unakuta neno moja kwa wino mwekundu: "Tuongee." Unapanda ngazi kwenda kuongea, mhusika yuko safari. Mimi hapa likikwama, mtu anachelewa kulipwa posho yake ya uhamisho, ananinunia wiki nzima. Kwa Burnside likikwama, kuna mtu amejificha upande wa pili wa mpaka anaangalia saa. Hofu ile ya saa inatoka kwenye meza, na mwandishi haoni haja ya kukuonyesha huyo mtu aliyejificha. Mara nyingi hatumwoni kabisa! Tunaona simu tu, na Burnside anaiangalia.

Nimesema mengi. Naomba waliowahi kuiona waje, na wasioiona waulize. Nitaeleza sehemu moja kubwa mbele huko, nitatoa tahadhari kabla.

Kijana wa Gungu, Kigoma

Mkuu, na mimi niliipata hiyo kwa jamaa mmoja Mwanga anayeuza muvi. Dakika kumi nikalala. Watu wanaongea. Wanaongea tena. Mmoja anaingia anafunga mlango, wanaongea. Nikasema labda ndani ya sehemu ya pili kutakuwa na kitu, nikakuta wanaongea. Hivi hata ngumi moja hamna?

Mwananzengo wa Ujiji, Kigoma

Gungu umenichekesha. Sisi tumekuzwa na kibanda umiza, mtafsiri anaongea kuliko waigizaji. Nawaza tu hii tamthilia angepewa mtafsiri wetu. Wazungu wamekaa kimya wanatazamana, yeye angejaza mwenyewe: "Sasa mzee hapa anamwambia, kijana, ulimwacha binti yangu, leo unataka saini yangu? Utaisikia kwenye bomba!" Mbona watu wangekaa hadi mwisho.

Jalada la Wazi

Mwananzengo, na hicho ndicho kilichomo. Tofauti ni kwamba Wellingham anayasema kwa nyusi.

Gungu, ngumi ipo, utaisubiri sana, na ikija haipendezi. Hao watu wakitoka nje kwenda kazini hawana vifaa vya ajabu, hawana saa inayotoa miale. Mara nyingi hawana hata silaha. Burnside mwenyewe zamani alikuwa Sandbagger, anajua kule nje kukoje, ndiyo maana hatumi mtu kirahisi. Halafu hanywi pombe. Wenzake wakimimina wiski, yeye anakunywa Coca-Cola. Kitu kidogo, lakini nilikipenda, maana ukimwona mtu wa namna ile katikati ya wanywaji unajua kabisa kuna jambo analizuia lisitoke.

Bwana Masurufu, Tabora

Shikamoo mzee wa masijala. Mimi ni mhasibu, ngoja niongeze jicho la upande wa pili wa korido. Tamthilia nyingi za kijasusi zinanikera kwenye hesabu. Jasusi anafika Roma, anakodi gari la kifahari, analigonga, anakodi jingine. Nani anarejesha masurufu? Risiti ziko wapi? Kasma gani hiyo, fungu gani la bajeti? Mkaguzi wa ndani akija nani atasimama? Nilipoona Burnside anavyohangaika kutetea uhai wa kitengo chake mbele ya watu wanaoona ni mzigo, nikasema huyu tunamjua. Kila mwaka wakati wa bajeti, mkuu wa kitengo kidogo anapita mlango kwa mlango na makabrasha kwapani, akieleza kwa nini kitengo kisiunganishwe na kingine.

Halafu kuna ule uhusiano wao na Wamarekani. Waingereza wa Burnside hawana fedha wala watu, CIA wana kila kitu. Kwa hiyo urafiki wake na Jeff Ross, mkuu wa CIA pale London, ndiyo bajeti yenyewe. Wanakula pamoja chakula cha mchana, wanataniana, na kila mmoja anajua mwenzake anaweza kumuuza kesho asubuhi nchi yake ikimwagiza.

Jalada la Wazi

Marahaba Bwana Masurufu. Umenifungulia mlango wa ile sehemu niliyoahidi.

TAHADHARI: hapa chini naharibu uhondo wa mwisho wa msimu wa kwanza. Asiyetaka aruke.

Katika msimu wa kwanza kitengo kinampata mwanamke, Laura Dickens. Burnside, huyu mtu mkavu kama gogo la mninga, anaanza kulainika polepole. Hawana mapenzi ya kukumbatiana barabarani. Wanatembea, wanakula, anaanza kumwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Halafu inatokea kazi Berlin Mashariki. Laura anatumwa. Anakamatwa.

Kumrudisha kunahitaji kubadilishana mateka, na wa kubadilishana naye wanaye Wafaransa. Wafaransa wanataka malipo, na malipo yao ni kuonjeshwa siri ambazo Marekani inawapa Waingereza peke yao. Ukikubali, Wamarekani wakijua, urafiki umekufa, na ule urafiki ndio unaoiweka idara nzima hai, kama alivyosema mhasibu. Sasa angalia: hakuna adui mbaya hapa. Wafaransa wanadai haki yao sokoni. Wamarekani wana haki ya kulinda siri zao. Wellingham anamkumbusha wajibu wake kwa sauti ya upole kabisa. Burnside ndiye aliyejenga hoja mwaka mzima kwamba uhusiano ule ni wa lazima kuliko mtu yeyote mmoja. Hoja yake mwenyewe imepanda juu, ikapitishwa, sasa imeshuka kwake kwa utekelezaji.

Laura anauawa kwenye mpaka, wakati anavuka kuja upande wetu. Amri ni ya Burnside.

Niliangalia ile dakika ya mwisho nikazima kompyuta. Sikuwa na hamu ya kuanza sehemu nyingine siku ile. Na kinachouma ni kwamba ukirudi nyuma kutafuta alipokosea, kila karatasi iko sahihi.

Dada wa Cheyo, Tabora

Kaka, umeeleza vizuri lakini una upofu wa wanaume wa ofisini. Umetaja wakubwa wote, hujamtaja Diane Lawler. Mimi ni katibu muhtasi, kwa hiyo nilimwona kabla sijamwona Burnside.

Diane ndiye anayejua nani yuko mlangoni, nani kapiga simu mara mbili na akajifanya mara moja, bosi hajala tangu asubuhi. Anamjibu Burnside vile ambavyo C hawezi kumjibu. Kuna namna anavyoingia na jalada, analiweka mezani, anasimama sekunde moja zaidi ya inavyotakiwa. Hiyo sekunde ina maana "usilisaini hili ukiwa na hasira". Sisi wa kazi hiyo tunaijua, hatufundishwi chuoni. Alipoondoka akaja Marianne Straker, Burnside alichanganyikiwa kuliko alivyopoteza vijana wake wengine. Hilo mmeliona? Anapoteza wapelelezi anaagiza wengine. Anapoteza katibu wake anakuwa kama mtoto.

Halafu nawaambia wazi: Burnside si shujaa. Mnamsifia ukavu wake. Ni bosi anayesoma barua za watu, anawaingilia ndoa zao, anadanganya wakubwa na wadogo, halafu anasema ni kwa ajili ya kitengo. Nimewahi kufanya kazi chini ya mtu wa namna ile, bila ujasusi wowote. Kila alichotuvunjia alisema ni kwa faida ya idara. Idara ilibaki, sisi tulitawanyika.

Jalada la Wazi

Dada, kwa Diane nimekupigia saluti. Kwa Burnside tutabishana. Anaingilia maisha ya watu, kweli. Lakini yeye peke yake ndiye anayewahesabu. Wale wa juu wanamwona Sandbagger kama kasma. Burnside anajua nani ana mama mgonjwa.

Dada wa Cheyo

Anajua ili amtumie. Usinichekeshe.

Mtoto wa Kibirizi, Kigoma

Nimesoma uzi wote kimya, sasa niingie. Mnaongelea Westminster kama mbali, wakati vita ya hapa ziwani ilianzia kwenye meza za London vilevile.

Mnaijua meli yetu, Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande ikatiwa kwenye makasha, ikaja Dar kwa meli na Kigoma kwa treni, reli ikiwa imetoka tu kufika hapa 1914. Ikashushwa majini Februari 1915. Sasa nani aliwaambia Waingereza? Mwindaji wa tembo mmoja, John Lee. Alifika mwenyewe London Aprili 1915, akaingia ofisi za jeshi la maji, akawaambia Wajerumani wanaunda meli kubwa Kigoma, na akaleta wazo: leteni boti ndogo zenye injini ya kasi, tuzipitishe nchi kavu kupitia Kongo.

Wazo likakubaliwa. Halafu ofisi ikafanya kazi yake. Uongozi hakupewa Lee, alipewa Geoffrey Spicer-Simson, ofisa aliyekuwa amekaa kwenye dawati baada ya kuharibu haribu huko baharini. Akataka boti mbili ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakamkatalia! Vita ya dunia inaendelea, watu wanakufa maelfu, na kuna mtu amekaa mezani anakataa jina la boti. Akarudi na majina mapya, Mimi na Toutou, yakapita. Na Lee, mwenye wazo lake, akasingiziwa kwamba anatoa siri ovyo, akaondolewa kwenye msafara. Hapo nani bado anataka tamthilia ya bunduki?

Upande wa Wajerumani wa Kigoma ni somo la kusikitisha la ujasusi. Walikuwa na ziwa lote mkononi lakini hawakujua boti zimefika. Ofisa wao Rosenthal alisogea kwa meli hadi karibu na ng'ambo, akaogelea mwenyewe hadi ufukweni kuchunguza Wabelgiji wanafanya nini, akakamatwa. Desemba 26, 1915, meli yao ndogo Kingani ikatekwa. Kigoma hawakupata taarifa kamili ya kilichoipata. Februari wakaituma meli nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha Goetzen wenyewe wakaondoka. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

Mimi nikipewa fedha nitatengeneza tamthilia ya chumba kimoja: ofisi ya Mjerumani hapa Kigoma, karibu na stesheni. Dirisha linaangalia ziwa. Kila siku anaandika ripoti kwamba ng'ambo kuna kitu, na kila siku anajibiwa aeleze zaidi.

Mwananzengo wa Ujiji

Aisee. Na mimi nitaigiza tarishi wake. Kila akitoka ofisini namuuliza "bwana mkubwa, zile boti?" anasema "boti gani?"

Kijana wa Gungu

Hiyo ya Liemba ningeangalia. Mngeanza na hiyo.

Ila wakuu, kwani hakuna ya kisasa ya aina hii? Picha isiyopauka?

Bwana Masurufu

Ipo Slow Horses ya Apple, ilianza 2022. Gary Oldman anaigiza bosi mmoja mchafu, soksi zimetoboka, Jackson Lamb. Majasusi walioharibu kazi hawafukuzwi, wanapelekwa jengo moja chakavu mitaa ya Barbican kuchambua makaratasi mpaka wachoke waache wenyewe.

Jalada la Wazi

Subiri kidogo. Yaani adhabu yao ni kuchambua makaratasi? Adhabu yao ni kazi yangu?

Dada wa Cheyo

Nimecheka hadi bosi kauliza.

Jalada la Wazi

Nitaiangalia nikiwa na hasira. Ngoja na mimi niwape dawa yake. BBC walifanya Tinker Tailor Soldier Spy mwaka 1979, sehemu 7, Alec Guinness ndiye George Smiley, mzee aliyestaafishwa kwa nguvu, anarudishwa kwa siri atafute msaliti ndani ya idara. Na anamtafutaje? Kwa majalada. Usiku kucha yuko hotelini anasoma.

Kuna pale kijana wake, Guillam, anaingia masijala ya idara kuiba jalada. Wakuu, nimekaa masijala miaka mingi na ile sehemu ilinitoa jasho. Mfuko wake uko mezani kwa mhudumu, kama taratibu zinavyotaka. Amepanga mtu ampigie simu akijifanya ni gereji, ili apate sababu ya kuushika ule mfuko. Anaongea habari za gari huku anabadilisha jalada. Halafu, kabla hajatoka jengoni, anaitwa kwenye chumba cha wakubwa na kuanza kuhojiwa jambo jingine kabisa! Anajibu, lakini roho yake iko kwenye mfuko. Nilikuwa nakaripia kioo: yule mhudumu hajahesabu majalada! Kwangu mimi hakutoka mtu na jalada bila kusaini daftari, hata awe nani. Na ndiyo maana siwezi kuwa kwenye tamthilia, ingekwisha sehemu ya kwanza.

Halafu kitabu cha zamu, wanakifungua usiku ule wanaoutaka, kurasa zimeondolewa. Kwa mtu wa kazi yangu kurasa zilizokatwa ni sawa na damu sakafuni.

Mtoto wa Kibirizi

Hapo sasa mmekaribia ninayoipenda mimi. Ya Wafaransa, Le Bureau des Légendes, Canal+, 2015 hadi 2020, misimu 5, kila msimu sehemu 10. Mathieu Kassovitz anaigiza Guillaume Debailly, aliyeishi Damascus miaka sita kwa jina lisilo lake, akijifanya mwalimu. Anarudishwa Paris, anapewa ofisi, anatakiwa aache lile jina. Hataki. Kuna mwanamke alimpenda kule, Nadia, na Nadia anampenda yule mtu wa uongo. Mzozo wote unaanzia hapo, kwenye simu moja ya zamani ambayo hakuirudisha.

Ila raha ya ofisi ipo. Kuna mkubwa wake, Duflot, mtu mpole na tai zake mbaya, kuna chumba cha mikutano, kuna yule binti Marina wanayemwandaa kuingia Iran kama mtaalamu wa matetemeko ya ardhi. Unakaa naye sehemu nyingi anajifunza kuwa mtu wa kuajiriwa. Jasusi anaomba kazi kama wewe na mimi! Anaandaa usaili, anasubiri kupigiwa simu. Msimu wa kwanza kuna wakala wao Algeria amekamatwa amelewa akiendesha gari, na shida yote ofisini ni kwamba huyo mtu ni Mwislamu, hanywi pombe. Kwa hiyo wanakaa mezani wanajiuliza: kanyweshwa, kajifanya, au hatukumjua? Sehemu nyingi wanalitafuna hilo swali moja.

Wengi hapa Kigoma tuna ndugu wa upande wa Burundi, shemeji yangu anaiangalia bila maandishi ya chini. Yeye ndiye aliyeniambia majina ya siri ya majasusi wao ni matusi ya Kapteni Haddock wa vibonzo vya Tintin. Debailly anaitwa Malotru. Idara nzima nzito ya serikali, na kila siku wanaitana matusi ya baharia mlevi kwa sura kavu.

Dada wa Cheyo

Hiyo nimeiona misimu miwili. Pale kuna Marie-Jeanne, mwanamke ofisini anayepanda cheo polepole akitumia akili, bila kelele. Kaka Jalada, anzia hapo, uache kumwabudu Burnside.

Kijana wa Gungu

Wakuu, nimerudi. Juzi umeme ulirudi vizuri nikasema nijaribu tena ile ya Burnside. Nimefika msimu wa mwisho. Sijui nimefikaje. Sasa naomba mnisaidie, ile sehemu ya mwisho imekatwa au flashi yangu ina kasoro? Willie kapigwa risasi halafu basi, majina yanapanda.

Jalada la Wazi

Karibu nyumbani, mdogo wangu. Flashi yako ni nzima. Ndivyo ilivyoisha.

Aliyeiandika ni Ian Mackintosh, zamani ofisa wa jeshi la maji la Uingereza. Watu wengi wanaamini alikuwa na uzoefu wa ujasusi, ndiyo maana maneno yake yana uzito ule, ila yeye hakusema hivyo waziwazi. Julai 1979, akiwa hajamaliza msimu wa tatu, alikuwa kwenye ndege ndogo na mwanamke aliyekuwa mpenzi wake pamoja na rubani, juu ya Ghuba ya Alaska. Ndege ikaomba msaada kwa redio, ikapotea. Walitafuta, hawakupata kitu. Sehemu chache za msimu ule wakaandikiwa na watu wengine, na baada ya hapo tamthilia ikafungwa, hakuna aliyeiendeleza. Kwa hiyo Willie amelala pale chini tangu 1980.

Ukiniuliza mimi, Willie kapona. Mackintosh alikuwa anaua watu wa kitengo mapema na ghafla, bila kuwapa muziki. Huyu amempa nafasi ndefu. Na Burnside bila Willie hana mtu wa kumwambia ukweli usoni, mwandishi asingejinyima hilo.

Mwananzengo wa Ujiji

Mimi nasema mtafsiri wa kibanda umiza angemfufua hapohapo. "Usihofu mtazamaji, risasi imegusa nyama tu."

Kijana wa Gungu

Na Burnside? Angefanyaje kama Willie kafa kweli?

Dada wa Cheyo

Kafa. Na Burnside kabla ya chakula cha mchana keshaandika dokezo kuomba kibali cha kuajiri mwingine, na Peele kalirudisha limeandikwa "Tuongee".